Toba ya Tembo Asilolionja

Majina yao yalikuwa yamekwisha kutangazwa kanisani mara mbili. Gershom mwana wa marehemu Garama, wa Mjambere, na Nyevu binti Mwarandu, wa Magogoni. Mwenye kujua kizuizi aseme. Jumapili ya kwanza watu waligeuka na kuwatabasamia. Jumapili ya pili Nyevu aliinuka kuimba, mguu wa kulia ukamkana, akayumba na kumwangukia mke wa mzee wa kanisa mapajani, na hakuna aliyetabasamu. Baba yake alikuwa mgema. Basi Kisauni nzima, Mjambere hadi Magogoni, ikapata la kusema: bibi harusi wa Gershom analewa tembo la mnazi kabla hata jua halijapanda, tena anakuja nalo nyumbani kwa Mungu.

Nyevu hakuwa amelionja hata tone. Lakini nenda ukawaambie watu hivyo wakati miguu yako yenyewe inakutolea ushahidi wa uongo.

Yalianzia jichoni, mwaka uliotangulia, huo wa arobaini na sita. Alikuwa akishona mashati ya vibarua wa bandarini, jicho la kulia likaanza kumuuma kila alipoligeuza, kisha likaingia ukungu. Uzi mwekundu akiutazama kwa jicho la kushoto ulikuwa mwekundu kweli. Akiutazama kwa la kulia ulikuwa umepauka kama kitambaa kilichofuliwa miaka kumi. Baada ya wiki sita jicho likapona lenyewe, akasahau. Ikafuata ganzi ya nyayo. Kisha ikaja ile ajabu ya shingo: kila alipoinamisha kichwa kusali, kitu kilimpita mbio kutoka kisogoni hadi visiginoni, mwili mzima ukashtuka. Kwa miezi miwili msichana wa watu aliamini kwamba ni Mungu anamgusa, na kwa haya hakumwambia mtu yeyote, hata Gershom.

Gershom alikuwa karani wa reli huko Changamwe, kijana wa maneno machache, na alimpenda Nyevu kwa namna iliyowaudhi wenzake kazini, maana hakuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia. Ijumaa ya kabla ya tangazo la tatu aliomba ruhusa, akampeleka hospitalini kisiwani. Wiki mbili nyuma walikuwa wamemtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ndefu. Leo walifuata majibu.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mvi, aliyetibu askari wakati wa vita, na Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili matatu. Gershom akawa mkalimani. Nyevu alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, daktari akamkwaruza nyayo kwa ncha ya ufunguo, kisha akamwambia afumbe macho aguse pua yake kwa kidole. Kidole kikaenda shavuni. Gershom aligeukia dirishani upesi, na Nyevu alipofumbua macho alikuta mgongo wake.

"Anauliza kama kuna kitu kinachozidisha hali yako," Gershom alisema.

"Jua la mchana. Na mvuke."

"Mvuke gani?"

Nyevu akainamisha uso. Mambo ya majani na pepo hayakuzungumzwa mbele ya jamaa wa kanisani. "Mama alinifukiza," alisema polepole. "Alichemsha chungu cha majani, akanifunika mablanketi mawili, mimi na chungu, mpaka nikalowa jasho. Niliponifunuliwa..." Akakosea, akaanza tena, ulimi ukiwa mzito kama ulivyokuwa siku hizi. "Nilipofunuliwa, jicho la kulia lilikuwa halioni nuru na miguu haikuinuka. Nilipopoa, baada ya saa moja hivi, vyote vikarudi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Mama alipiga vigelegele, Gershom. Alisema pepo wa miguuni amejibu, yu karibu kutoka. Akanifukiza siku sita nyingine. Kila nilipopofuka, nyumba nzima ilishangilia."

Gershom akatafsiri. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza swali, akauliza la pili, kisha akaanza kusema, na akasema kwa muda mrefu, akimtazama Gershom na si Nyevu. Nyevu hakujua Kiingereza. Aliujua uso wa Gershom. Alikuwa ameusoma miaka mitatu, aliujua ukiwa na furaha, aliujua ukiwa na wivu na ukijidai hauna. Huu wa leo hakuwahi kuuona.

"Anasemaje?"

"Anasema ni udhaifu wa mishipa. Upumzike. Usikae juani."

"Basi?"

"Basi."

Daktari akasimama, akamgusa Nyevu begani, akakusanya Kiswahili chake chote. "Pole," alisema. "Pole sana."

Nyevu akashuka kitandani. Mtu hapewi pole ya namna ile kwa kuambiwa asikae juani.

Daraja la Nyali lilikuwa la kuelea, na saa hiyo maji yalikuwa yanajaa, kwa hiyo kila aliyepita aliyumba. Wanawake wenye vikapu waliyumba, karani wa Kihindi mwenye mwavuli aliyumba, Gershom mwenyewe aliyumba akashika kamba ya pembeni. Hapo tu ndipo Nyevu alipotembea kama watu wote. Alitamani lisiishe.

Liliisha. Upande wa Kisauni akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akakataa kuinuka.

"Gershom, yule bwana amesema muda wa birika zima la chai kuchemka. Wewe umenipa maneno ya kijiko. Mengine umeyaweka wapi?"

"Twende, Nyevu. Jua kali."

"Sitoki hapa. Nipe maneno yangu. Ni ya mwili wangu, si wako."

Gershom alitazama huku na huku, kisha akachuchumaa mbele yake bila kuwajali wapita njia. Alijaribu kuanza mara mbili. Mara ya tatu sauti ikatoka.

"Ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Anasema humo ndani mna makovu, yako huku na huku, na kila penye kovu, amri ya kichwa haifiki mguuni. Au jichoni. Au kwenye ulimi."

"Tangu lini?"

"Tangu lile jicho. Lile jicho ndilo lililokuwa mwanzo. Anasema huja ukaondoka, ukaja ukaondoka, kisha siku moja huja usiondoke."

"Dawa yake?"

"Hana."

"Yeye hana, au haipo?"

"Haipo, Nyevu. Hata kwao Ulaya haipo. Huko amewaona wengi, lakini Mwafrika wewe ndiye wa kwanza kwake, na kwa sababu hiyo alikuwa hana hakika. Mpaka uliposema mvuke. Joto huuzidisha. Kwao huwatia wagonjwa katika maji ya moto makusudi, wapate kuona kama macho yatafifia."

"Kwa hiyo mama alinipima."

"Alikupima mara saba."

Walitazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake, kikaisha mara moja kama kilivyoanza.

"Nitatembea mpaka lini?"

"Hajui. Wapo waliotembea miaka ishirini. Wapo ambao baada ya miaka mitano hawakuinuka tena."

"Na watoto?"

Gershom akashika tama.

"Nimekuuliza watoto, Gershom."

"Anasema mimba huenda ikauchochea. Anasema bora usizae." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Akaniuliza mimi ni nani wako. Nikamwambia mchumba, tunaoana mwezi huu. Akasema, 'Una bahati, bado hujamwoa.' Nilitaka kumpiga, Nyevu. Wallahi nilitaka kumpiga Mzungu wa watu!"

Nyevu alimfuta uso kwa ncha ya leso yake. Alimpenda mno wakati ule. Alimpenda kuliko siku alipoletewa posa, na mapenzi hayo yalimuuma kifuani kuliko habari yenyewe, maana habari ilikuwa bado haijamwingia.

"Sikiliza," Gershom alisema, akimshika mkono. "Mimi nitakuoa. Ukiwa wa kutembea nitakuoa, ukiwa wa kubebwa nitakubeba. Ila mama yangu asijue, wala mtu yeyote asijue. Mama na mzee Karisa wa kanisani wamekubaliana jambo. Ukienda leo ukamwangukia mama, ukasema ni kweli ulikuwa unakunywa tembo na umeacha, mzee Karisa atakuombea Jumapili na tangazo la tatu litasomwa. Jumamosi inayofuata tunafunga ndoa."

"Nitubu tembo?"

"Tubu tembo. Mlevi husamehewa, Nyevu. Wanampenda kabisa mlevi aliyetubu, wanamwimbia. Mgonjwa wa namna hii watamkimbia."

"Na nikianguka tena?"

"Utakuwa mke wangu tayari."

"Nitakuwa mke wako mlevi. Kila nikiyumba watasema amelirudia. Nikilala kitandani nisiinuke watasema tembo limemmaliza. Hata kaburini watanizika na kibuyu."

"Heri hivyo kuliko nikukose." Alisema kwa sauti ndogo. "Kwangu mimi heri hivyo."

Nyevu alitazama njia iendayo Mjambere. Sina haja ya kumtetea. Na wewe ungepima. Upande mmoja jina lake, upande wa pili mtu huyu aliyechuchumaa vumbini kwa ajili yake, na miaka michache ya kutembea, ambayo angeitumia ama ndani ya nyumba ya Gershom au ndani ya nyumba ya mamaye mwenyewe akifukizwa. Akafumba macho.

"Niinue," alisema. "Twende kwa mama."

Mama Dorcas alikuwa barazani akichambua mchele, mjane mnene wa mwili na mzito wa maneno, aliyeheshimiwa na kuogopwa kwa kiasi kilekile. Hatua chache kutoka barazani palikuwa na kisima cha mtaa, na wanawake watatu waliokuwa wakisubiri zamu walinyamaza ghafla walipomwona Nyevu akija ameshikwa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingieni ndani. Hapa pana masikio mengi."

Ndani, Dorcas alimpa kiti na maji ya mtungi, akakaa mkabala naye kwenye mkeka. Hakuwa na uso wa hasira. Hilo lilimwongezea Nyevu ugumu.

"Gershom ameniambia una neno," Dorcas alisema. "Mimi si jiwe. Marehemu Garama alikuwa mtu wa tembo, nawe wajua. Lilimwangusha, kisha nikamuuguza miaka minne pale kitandani, nikimgeuza kama mtoto. Kwa hiyo nikiona mtu ayumba, roho yangu yaruka. Lakini atubuye nitampokea. Sema, mwanangu."

Nyevu akapiga magoti. Goti la kulia lilichelewa, likagonga sakafu kwa kishindo.

"Nisamehe, mama," alianza. "Ni kweli. Nilikuwa..." Akamtazama Gershom. Gershom alikuwa ameegemea mlango, midomo ikimtembea, kama anayemsaidia kulibeba neno. "Nilikuwa nikinywa. Nimeacha."

Dorcas alishusha pumzi ndefu, akamwekea mkono kichwani. "Alhamdulillahi, kama wasemavyo jirani zetu. Basi limekwisha. Bado moja tu." Mkono ukabaki pale pale kichwani. "Baba yako ndiye aliyekuwa akikupa?"

"Mama?"

"Mwarandu. Mtoto wa kike hapandi mnazi. Mzee Karisa amesema hivi, nami nimeona ni haki: utasema mbele ya kanisa kwamba baba yako ndiye aliyekunywesha, na ukishaolewa hutakanyaga tena kwake. Wala yeye hatakanyaga hapa. Tembo na nyumba yangu havikai pamoja."

Mwarandu alikuwa amemkataza hata kukishika kibuyu chake tangu siku alipobatizwa, akisema, "Hiki si chako, mame, mwanangu, utanuka mbele ya Bwana wako." Mwezi uliopita, miguu ilipogoma njiani kutoka Kongowea, mzee yule yule alimbeba mgongoni mpaka Magogoni mchana kweupe, huku watu wakiuliza kama amemlewesha bintiye, naye hakuwajibu.

"Nyevu," Gershom alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kusihi. "Nyevu, itikia tu."

Alimtazama. Alimtazama mtu aliyempenda, akaona kwamba angemwomba hata hilo. Hasira haikumjia. Alichoka tu, ghafla, kuanzia unyweleni.

"Sijawahi kulionja," alisema.

"Umesema nini?"

"Nimesema uongo, mama. Sijawahi kulionja tembo, wala baba hajawahi kunipa. Mimi ni mgonjwa. Leo tumetoka kwa daktari. Mwulize mwanao, yeye ndiye aliyeyasikia."

Dorcas aliuondoa mkono. Aligeuza shingo taratibu. "Gershom?"

"Mama, ni udhaifu wa..."

"Gershom." Nyevu alikuwa bado amepiga magoti. "Mpe yote. Usimpimie kama ulivyonipimia mimi."

Nje ndoo iligonga ukingo wa kisima. Kisha Gershom akasema, safari hii bila kuruka neno: makovu, jicho, miguu, ulimi, miaka ishirini au mitano, dawa haipo, bora asizae. Alisema na lile la mwisho pia, la bahati yake ya kutokuoa bado, na alipolisema akafunika uso kwa mikono miwili akalia kwa sauti, mwanamume mzima.

Ndipo Dorcas akafanya jambo ambalo Nyevu hakulitarajia. Alisogea juu ya mkeka, akamshika miguu yote miwili.

"Nisamehe wewe, mwanangu. Nimekusingizia. Nimekutangaza kwa watu nawe huna kosa, nimemtukana na baba yako. Mungu anione."

"Nimekusamehe, mama."

"Lakini mwanangu sikupi."

"Miaka minne niliuguza," Dorcas alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti yake kubadilika. "Chumba kile nakijua. Naijua harufu yake, najua mtu mzima huwa mzito kiasi gani saa ya kumgeuza. Nilizeeka mle ndani. Leo nimtie mwanangu humo, tena bila mtoto wa kumfunga macho atakapokufa? Nichukie, mwanangu. Una haki. Lakini sikupi."

"Mama, nimemwahidi!" Gershom alisema. "Nimemwambia nitambeba!"

"Wasema hivyo kwa sababu hujawahi kubeba. Aliyekuwa akibeba ni mimi. Wewe ulikuwa shuleni."

Nyevu alimngojea Gershom, alimpa muda wote aliokuwa nao, akiyatafuta macho yake, naye aliyainua mara moja tu, yakakutana na ya mamaye kwanza, yakashuka.

Nyevu alijishika kwenye kiti, akasimama. Gershom alipomnyoshea mkono, alitikisa kichwa.

"Si kwa kunisindikiza mpaka mlangoni. Ukija, uje moja kwa moja."

Akatoka peke yake. Jua la saa nane lilikuwa limeuwasha uwanja, na kabla hajafika hatua kumi miguu ikaanza kufanya ujinga wake, mmoja mbele, mmoja pembeni, na ukungu ukarudi jichoni. Pale kisimani mwanamke mmoja alimpiga mwenzake kumbo.

"Leo kazidisha! Hata kwa mama mkwe kaja nalo kichwani!"

Wakacheka. Ndipo mlango ukabamizwa ukutani na Dorcas akatokea barazani, kilemba kikimwanguka.

"Funga kinywa chako, mwanamke wewe! Hajalewa! Mwasikia nyote? Hajawahi kunywa hata tone, huyu! Ni mgonjwa! Ana ugonjwa usio na dawa!"

Kicheko kikakatika. Nyevu alipita katikati yao, na kila mmoja alimpisha. Yule aliyecheka zaidi aliivuta ndoo yake kando, isije ikaguswa na leso ya Nyevu.

Basi jina lake lilikuwa limerudi kwake, safi, na Mjambere nzima ingelijua kabla ya magharibi. Hakugeuka nyuma. Alishika njia ya Magogoni, akiyumba, akilia bila kujifuta, na masikio yake yote aliyaacha nyuma, yakisikiliza kama kuna mtu anayekuja. Alisikiliza mpaka mwisho wa ua wa Dorcas. Alisikiliza mpaka nyumba ya mwisho ya Mjambere. Akapunguza mwendo, ingawa hakuwa na mwendo wa kupunguza, ili mtu akikimbia amkute.

Njia yote hiyo alisikia hatua za mtu mmoja tu, moja nzito na moja ya kuburuta, nazo zilikuwa zake.